Kununua Huduma ya Kusakinisha Programu za Uigaji wa Kisayansi: Amri Chache za Kumlinda Mlaji

Mlaji akinunua kilo ya sukari, mizani iko mbele yake. Akinunua kitambaa, hukipapasa kwa vidole kabla ya kutoa fedha. Huduma ya kusakinisha programu ya kisayansi haina mizani ya namna hiyo. Mwanafunzi wa famasia anayemlipa fundi amwekee programu ya kuigiza mwendo wa molekuli hurudishiwa kompyuta yenye dirisha jeusi na maandishi meupe, kisha huambiwa kwamba kazi imekwisha. Kama imekwisha kweli, au imekwisha nusu, au imefunikwa tu ili isilalamike, hawezi kujua kwa kutazama. Na tofauti si ndogo. Programu iliyowekwa vibaya ikikataa kufanya kazi, hasara ni ya siku chache. Lakini programu hiyo yaweza pia kukubali, ikafanya kazi wiki nzima usiku na mchana, na kutoa majibu yasiyo na thamani ambayo yataingia katika tasnifu na kugunduliwa na mtahini.

Mizani, hata hivyo, ipo, nayo imo ndani ya dirisha lile lile jeusi. Dirisha la amri ni mahali ambapo mtu huiandikia kompyuta maneno badala ya kubofya picha, nayo humjibu kwa maneno. Mlaji hahitaji kuwa fundi ili kulitumia. Anahitaji maswali machache ya kuiuliza kompyuta yenyewe, na subira ya kusoma jibu lake.

Mfano tulioutumia katika somo hili ni programu iitwayo GROMACS. Ilianzishwa katika Chuo Kikuu cha Groningen, Uholanzi, mwanzoni mwa miaka ya 1990, na leo sehemu kubwa ya uendelezaji wake hufanyika Sweden. Watafiti wa dawa na wa protini huitumia sana. Kazi yake ni kukokotoa nguvu inayoivuta au kuisukuma kila atomi, kuisogeza kidogo, kisha kukokotoa tena. Kila hatua kwa kawaida ni femtosekunde 2, na femtosekunde ni sekunde moja iliyogawanywa mara milioni bilioni. Kuigiza nanosekunde 100 tu kunahitaji hatua 50,000,000. Ndiyo maana kosa dogo la mwanzo huzaa hasara kubwa mwishoni, na ndiyo maana pia mafundi wengine huona heri kuificha kasoro kuliko kuitafuta. Programu nyingine za jamii hii zina amri zake, lakini hitilafu zake hufanana na za GROMACS kama ndugu wa tumbo moja.

Amri zote zilizomo humu ni za mfumo endeshi wa Linux, kwa mfano Ubuntu. Mwenye Windows 10 au 11 anaweza kuupata Ubuntu ndani ya Windows kwa amri ya wsl --install, bila kununua kompyuta nyingine.

Ada isiyokuwapo

GROMACS hutolewa chini ya leseni huria iitwayo LGPL, toleo la 2.1. Leseni hiyo humruhusu mtu yeyote kuitumia programu, kuinakili, kuibadilisha na kuigawa. Fundi ana haki kamili ya kudai ujira wa muda wake na ujuzi wake, na gharama ya bando alilotumia kupakua faili. Hana haki ya kukuuzia "leseni ya mwaka" kana kwamba wenye programu wanaidai, kwa sababu hawaidai. Dai lisome risiti. Ikiwa imeandikwa "usakinishaji", umenunua kazi. Ikiwa imeandikwa "leseni ya GROMACS", umeuziwa kisichouzwa. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kibiashara unaompotosha mlaji au unaoweza kumpotosha, na risiti ya aina hiyo ni ushahidi mzuri.

Jihadhari zaidi na anayejisifu kwamba atakuwekea toleo "lililovunjwa kufuli". Programu isiyo na kufuli haivunjwi kufuli. Mtu anayeleta faili kama hilo, ama hajui anachokiuza, ama ndani ya faili hilo kuna kitu kingine.

Kuijua kompyuta kabla ya kufungua pochi

Kabla hujakubali kwamba kompyuta yako "haiwezi", iulize yenyewe. Fungua dirisha la amri uandike amri hizi, moja baada ya nyingine:

lscpu
free -h
df -h

Amri ya kwanza hutaja aina ya prosesa, idadi ya viini vyake, na makundi ya maagizo inayoyafahamu; miongoni mwa hayo tafuta neno avx2, kwani tutalihitaji baadaye. Ya pili huonesha kumbukumbu ya muda, iliyotumika na iliyobaki. Ya tatu huonesha nafasi ya diski. Hakuna hata moja kati yake inayobadilisha chochote katika kompyuta, kwa hiyo ziandike bila hofu.

Diski ndiyo inayosahaulika sana, ilhali hesabu yake ni nyepesi. Kila atomi ina nafasi yake katika pande tatu, na kila namba huchukua baiti 4. Mfumo wa atomi 100,000 unahitaji baiti 1,200,000 kwa kila picha moja ya nafasi zake, yaani takriban megabaiti 1.2. Ukihifadhi picha 10,000 katika faili lisilobanwa, umekwisha kujaza gigabaiti 12. Ukihifadhi na kasi za atomi, zidisha kwa mbili. Uigaji uliokatika usiku wa manane kwa ujumbe "No space left on device" haudai kompyuta mpya. Unadai nafasi, au unadai picha zihifadhiwe kwa vipindi virefu zaidi, au zihifadhiwe katika faili lililobanwa la aina ya xtc.

Ukiambiwa ununue kadi ya michoro ili kazi iende kasi, ushauri huo waweza kuwa wa kweli, kwa kuwa GROMACS hunufaika sana nayo. Lakini kadi haitumiki kwa kuwamo tu ndani ya kompyuta. Programu lazima iwe imejengwa ili kuifahamu. Baada ya usakinishaji andika:

gmx --version

Katika orodha ndefu itakayotokea, tafuta mstari unaoanza na "GPU support". Ukisema "disabled", kadi uliyoinunua kwa mamia ya maelfu imelala usingizi, na fundi hajamaliza kazi uliyomlipia.

Njia mbili za kusakinisha

Njia fupi ni kutumia ghala la programu la Ubuntu lenyewe:

sudo apt update
sudo apt install gromacs

Amri hizo mbili zinatosha. Kwa mwanafunzi anayejifunza, au anayeigiza protini ndogo, njia hii aghalabu inatosheleza. Kasoro yake ni kwamba toleo la ghalani huweza kuwa la nyuma kuliko toleo jipya, na kwamba limejengwa ili liende katika kompyuta nyingi tofauti, kwa hiyo halitumii nguvu yote ya prosesa yako. Mlaji akijua kwamba kazi yenyewe ni mistari miwili, atajua pia ujira unaostahili.

Njia ndefu ni kuijenga programu kutoka msimbo chanzo. Fundi hupakua faili kutoka kwa wenye programu, hulifungua, huunda folda ya kujengea, kisha humo huandika amri hizi:

cmake .. -DGMX_BUILD_OWN_FFTW=ON -DREGRESSIONTEST_DOWNLOAD=ON
make
make check
sudo make install
source /usr/local/gromacs/bin/GMXRC

Hapa kuna kazi ya kweli, na kompyuta ya kawaida yaweza kuchukua muda mrefu kuimaliza. Lakini itazame amri ya tatu. Amri ya make check huijaribu programu iliyojengwa kwa kuipa mafumbo ambayo majibu yake yanajulikana, kisha hulinganisha. Ndiyo mizani tuliyoitaja mwanzoni. Ndiyo pia hatua inayorukwa kuliko zote, kwa sababu inakula muda, na kwa sababu programu itafunguka vizuri tu hata ikirukwa. Mlaji anayelipia njia ndefu asikubali kuipokea kazi bila kuoneshwa matokeo ya hatua hiyo. Usidai maelezo ya mdomo. Dai faili. Fundi anaweza kulitengeneza kwa amri moja:

make check 2>&1 | tee majaribio.txt

Maandishi yote yataonekana kwenye kioo na papo hapo yatahifadhiwa katika faili la majaribio.txt, ambalo utalitunza.

Kuhusu faili lililopakuliwa: wenye GROMACS huchapisha alama ya utambulisho ya kila faili, nayo ni mfuatano wa herufi na tarakimu. Ukiandika md5sum ukifuatiwa na jina la faili, kompyuta itakokotoa alama ya faili ulilo nalo. Zikilingana, faili halikuharibika njiani. Zisipolingana, usiendelee, hata kama tofauti ni ya herufi moja. Kwa mtandao unaokatikakatika hii si tahadhari ya kupita kiasi.

Nywila ni ya mwenye kompyuta

Neno sudo, linalotangulia baadhi ya amri hizi, maana yake ni kwamba amri inayofuata itatekelezwa kwa mamlaka yote juu ya kompyuta. Kompyuta itadai nywila. Unapoiandika, katika mifumo mingi hakuna kitakachoonekana kwenye kioo, hata nukta. Wengi hudhani kibodi imekufa, kumbe ndivyo ilivyokusudiwa. Andika tu, kisha bonyeza kitufe cha kuingiza.

Iandike wewe mwenyewe. Usimtumie fundi nywila kwa simu, na usimwache peke yake na kompyuta iliyokwisha kufunguliwa kwa mamlaka hayo ikiwa ndani yake kuna barua zako, picha za familia au taarifa za benki. Kadhalika, usibandike katika dirisha la amri mstari unaopakua maandishi kutoka mahali usipopafahamu na kuyatekeleza palepale kwa sudo. Utaitambua mistari hiyo: huanza na curl au wget, na huishia na alama ya mstari wima ikifuatiwa na sudo bash. Ni sawa na kutia sahihi karatasi ambayo bado haijaandikwa.

Ujumbe wa hitilafu si tusi

Kompyuta inapokataa, hutoa ujumbe wa Kiingereza, nao mlaji wengi humwogofya. Huo, hata hivyo, ni ushahidi, na mara nyingi unataja dawa.

Ujumbe unaowagharimu watu fedha bure kuliko wote ni "gmx: command not found". Tafsiri yake ni kwamba kompyuta haikuiona amri hiyo katika folda inazozipekua. Haisemi kwamba programu haimo. Mlaji huizima kompyuta jioni, huiwasha asubuhi, huukuta ujumbe huu, hurudi kwa fundi, na hulipa mara ya pili. Kumbe programu iko mahali pake na kilichopotea ni njia tu. Hakikisha kwa kuandika:

ls /usr/local/gromacs/bin

Ukiona jina gmx, programu ipo. Andika tena ule mstari wa source tuliouona juu, na itapatikana. Ili usilazimike kuuandika kila siku, mstari huo huongezwa mwishoni mwa faili liitwalo .bashrc katika folda yako ya nyumbani. Fundi mwangalifu hufanya hivyo kabla ya kuondoka, na ikiwa hakufanya, kumrudia kwa ajili hiyo kusiwe na malipo mapya.

Ujumbe "error while loading shared libraries" husema kwamba programu inategemea maktaba fulani ambayo haionekani. Amri ya ldd $(which gmx) huorodhesha maktaba zote inazozihitaji, na ile iliyokosekana itaandikiwa "not found" mbele yake. Sasa una jina la kitu kinachotafutwa.

Ujumbe "Illegal instruction" una siri yake. Humaanisha kwamba programu ilijengwa kwa ajili ya prosesa yenye maagizo ambayo prosesa yako haiyafahamu. Kwa maneno mengine, fundi hakuijenga katika kompyuta yako. Aliijenga katika kompyuta mpya zaidi, akainakili. Hapa ndipo lile neno avx2 linapohitajika: katika majibu ya gmx --version kuna mstari wa "SIMD instructions", na ukitaja AVX2 ilhali lscpu haikulitaja, umepata sababu bila kumwuliza mtu. Kinyume chake hutokea pia, nacho hakitoi ujumbe wa hitilafu: programu iliyojengwa kwa maagizo ya zamani hufanya kazi sawasawa, ila polepole, na faili lake la kumbukumbu husema wazi kwamba kompyuta ingeweza zaidi.

Neno moja tu, "Killed", mara nyingi ni mfumo endeshi uliojiokoa baada ya kumbukumbu ya muda kwisha. Amri ya sudo dmesg | tail itakuonesha kama ndivyo ilivyokuwa.

Wakati wa kujenga programu, makosa huweza kutiririka kwa mamia. Usiogope wingi wake, wala usianze na la mwisho. Panda juu hadi la kwanza, kwani yaliyobaki aghalabu ni watoto wake.

Tukumbushe pia jambo la kuchekesha kidogo. Kila amri ya GROMACS inapomalizika huandika "GROMACS reminds you", kisha msemo wa mtu fulani, mara nyingine wa kejeli. Huo si ujumbe wa hitilafu. Ni utani wa watengenezaji, na hakuna haja ya kumpigia fundi simu kwa ajili yake.

Maonyo yaliyonyamazishwa

Sehemu hii ndiyo tunayoomba isomwe mara mbili.

Kabla ya uigaji kuanza, amri ya gmx grompp hukusanya faili za mtafiti na kuzikagua. Hutoa ngazi tatu za kauli: taarifa, ambazo hazizuii kitu, maonyo, ambayo huzuia, na makosa, ambayo hayana mjadala. Kwa kawaida onyo moja tu linatosha kuisimamisha kazi. Lakini amri hiyo ina kitufe kiitwacho -maxwarn. Ukiandika -maxwarn 5, unaiagiza programu ipuuze hadi maonyo matano na kuendelea. Kwa mlaji asiyejua, matokeo yake ni kama muujiza: jana programu ilikataa, fundi amekuja, leo inakwenda. Ukweli ni kwamba hakuna kilichotengenezwa. Kengele ya moto imezibwa kwa pamba.

Chukua mfano unaofundishwa kwa wanafunzi wengi, wa lisozimu, protini ya ute wa yai la kuku, ambayo umbo lake linapatikana katika hifadhi ya protini kwa namba 1AKI. Katika zoezi hilo protini ina chaji ya jumla ya +8. Njia inayotumika kukokotoa nguvu za umeme hudhani kwamba kisanduku cha maji na protini kinajirudia pande zote bila mwisho. Kisanduku chenye chaji kikijirudia hivyo, programu hulazimika kuisawazisha chaji kwa kuitandaza pote, na ioni huweza kusogea mahali ambapo katika maumbile zisingekwenda. Kwa hiyo grompp hulalamika. Dawa yake ni kuongeza ioni 8 za kloridi kwa amri ya gmx genion pamoja na kitufe cha -neutral, kazi ya dakika chache. Anayeweka -maxwarn badala yake ameziokoa dakika hizo na kuyatia shaka majibu yote yatakayofuata.

Haki idhihirike kwa pande zote: si kila -maxwarn ni udanganyifu. Ili genion iweze kuongeza ioni, lazima kwanza grompp iandae faili, na wakati huo chaji bado ipo. Kulipuuza onyo hilo moja katika hatua hiyo moja kunaeleweka. Jambo la kuuliza ni: onyo gani limepuuzwa, katika hatua gani, na kwa sababu gani? Fundi mwaminifu anajibu kwa sentensi moja.

Kosa jingine linalofanana na hilo hutokea idadi ya atomi katika faili la nafasi inapotofautiana na idadi katika faili la topolojia. Programu hutaja namba zote mbili. Ni kama mwenye duka ambaye daftari lake linasema magunia 103 na ghalani yamo 100. Mara nyingi maji yaliongezwa au kuondolewa na daftari halikusahihishwa. Hapo -maxwarn haisaidii, kwa kuwa ni kosa na si onyo, kwa hiyo fundi asiye makini huweza kubadilisha namba kwa mkono hadi zilingane. Zitalingana. Lakini usipojua ni atomi zipi zilizozidi, hujui unaigiza nini.

Kisha kuna maonyo ya LINCS, yanayotokea katikati ya uigaji. LINCS ni njia ya kuvishikilia vifungo vya atomi katika urefu wake, nayo hupiga kelele kifungo kinapozunguka zaidi ya digrii 30 katika hatua moja. Yakija mfululizo, mfumo unalipuka: atomi zilianza zikiwa zimekaribiana mno, au hatua ya muda ni kubwa, au maandalizi ya kuutuliza mfumo kabla ya uigaji yalirukwa. Upo ubadilishaji wa mazingira uitwao GMX_MAXCONSTRWARN ambao, ukiwekwa -1, huizuia programu kusimama hata maonyo yawe mengi kiasi gani. Ili kujua kama umewekwa katika kompyuta yako, andika:

env | grep GMX
grep GMX ~/.bashrc

Ukiukuta humo na hukuuomba, dai maelezo.

Umeme ukikatika

Uigaji wa wiki mbili utakutana na umeme kukatika. Mlaji huambiwa kwamba kazi imepotea na lazima ianze upya, pengine kwa malipo mapya ya muda wa kompyuta. Kwa kawaida sivyo. GROMACS huhifadhi kituo cha kuanzia tena kila dakika 15, katika faili linaloishia na .cpt, na hutunza pia lile lililotangulia, iwapo la mwisho limeharibika. Ikiwa faili zako zinaitwa md, andika:

gmx mdrun -deffnm md -cpi md.cpt

Kazi itaendelea palipokatikia na kuongezwa katika faili zile zile, mradi hazikuhamishwa wala kuguswa. Kwa hiyo, baada ya umeme kurudi, jambo la kwanza ni kutofuta chochote.

Uigaji unapomalizika, faili linaloishia na .log huwa na mstari wa "Performance" karibu na mwisho wake, ukitaja nanosekunde ngapi zimekamilika kwa siku. Namba hiyo ndiyo ya kujadilia bei. Mtu anayekukodisha kompyuta inayotoa nanosekunde 5 kwa siku, nawe unahitaji 100, anakukodishia siku 20. Iliyo ghali mara mbili kwa siku lakini hutoa 25 itamaliza kwa siku 4, na mwishowe ni nafuu zaidi. Omba jaribio fupi kwa faili zako mwenyewe, na si kwa faili za anayekodisha, kisha soma mstari huo kwa macho yako.

Cha kubaki nacho mkononi

Siku ya makabidhiano, kabla ya kulipa sehemu ya mwisho ya ujira, pata faili tatu. La kwanza ni toleo.txt, linalotengenezwa kwa amri ya gmx --version > toleo.txt. La pili ni majaribio.txt tuliloliona. La tatu ni orodha ya amri alizoandika fundi, ambayo hupatikana kwa kuandika history > amri.txt katika dirisha lile lile alilotumia. Zima kompyuta, iwashe, na uandike gmx --version tena mbele yake.

Ukilazimika kuleta malalamiko, leta faili hizo pamoja na risiti, na ujumbe wa hitilafu ulionakiliwa kamili kwa maandishi. Picha ya kioo iliyopigwa kwa simu hukata mistari, na mara nyingi mstari unaokatwa ndio unaohitajika. Mhudumu wa ofisi hawezi kuamua kama protini yako imejikunja inavyopasa, na hilo ulipeleke kwa msimamizi wako wa utafiti. Anachoweza kufanya ni kuiweka risiti isemayo "imejaribiwa" kando ya orodha ya amri, na kutazama kama maneno make check yamo.